Kikombe cha Wageni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Huku Chang'ombe tu wazima. Babu yako kila siku anagombana na mafundi seremala wa jirani kwa kelele za misumeno yao, kwa hiyo afya anayo.

Uliniuliza kwenye simu kama uje Krismasi au ubaki hukohuko Mtwara kazini, kwa kuwa chumba chako tumempangisha mtu na unaona utakuwa mgeni kwenu. Nikaona nikuandikie.

Mie niliporudi Rombo mara ya kwanza baada ya kuhamia Dar, mama alinikalisha kwenye kiti, akanipa chai kwenye kikombe cha maua, kile cha padri akitutembelea. Nikainuka nimsaidie kumenya ndizi. "Kaa mwanangu, utachafuka." Nikaona basi, kwetu si kwetu tena.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hata hakuifikia hiyo ya tatu. Asubuhi yake nilisikia kelele kutoka zizini: "We! Unalala mpaka saa hizi, ng'ombe wale nini?" Nikajifunga kanga yake, nikashika mundu, nikaenda kukata majani huku nacheka peke yangu migombani.

Njoo, mama. Godoro nitakutandikia sebuleni. Vikombe vya wageni nimevifungia kabatini, na kisu cha kumenyea ndizi nimeshakinoa.

Bibi yako