Mwezi wa Kumtembeza Sajini

Jumatatu, 4 Machi 1996

Leo tena ni mbwa aliyenitembeza mimi. Saa kumi na mbili asubuhi, kutoka mlangoni hadi kibanda cha maziwa, mkono mbele, miguu inakimbia kufuata, mnyororo umenikata kiganja. Wale vijana wa kibandani hawakosi la kusema. "Madhe, hiyo umbwa inakutembeza ama wewe ndiyo unaitembeza?" Nikawaambia kama wana muda mwingi hivyo wanipangie foleni ya maziwa. Wakacheka.

Kazini nimefika nimechelewa. Karani mzima, stokingi imechanika hadi gotini.

Yote haya ni ya Baba. Baada ya kile kiharusi daktari alisema atembee kila siku, mguu wa kushoto usije ukalala. Baba akasema sawa, lakini bila Sajini hatoki nje. Sajini ni mbwa wa Kangundo. Alikuja na mzee mwezi wa kwanza, amelala juu ya magunia ya maharagwe, na maisha yake yote hajawahi kutembezwa na mtu. Kule anatangulia, mzee anafuata, basi. Hapa Umoja huwezi kuachilia mbwa azurure kwenye koti ya watu, ua mmoja wa nyumba nyingi. Kwa hivyo mnyororo. Juzi akamvuta Baba mpaka akaanguka mtaroni. Kwa hivyo mimi.

Mbwa haambiliki, Baba hasemezeki. Na wote wawili wanakula kwangu.

Jumatano, 6 Machi

Nimemuuliza Wafula, askari wa getini kazini. Aliwahi kulinda maghala akiwa na mbwa wakubwa wa kampuni. Amenipa somo zima huku chai yangu ikipoa. Mbwa akivuta, simama. Usiseme kitu. Akilegeza, tembea. Akivuta, simama tena. Eti wiki moja inatosha.

Tutaona.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesimama. Nimesimama wee. Mbele ya kibanda, mbele ya kinyozi, mbele ya kanisa. Sajini alivuta mpaka akaanza kukohoa, macho yamemtoka, anabwekea kila anayepita: mama wa mboga, watoto wa shule, hata kuku. Mama mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nimetumia dakika arobaini kwenda mahali pa dakika tano.

Wafula hajui kitu.

Jumamosi, 9 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Mzee Athumani ni jirani yetu, mlango wake unatazamana na wetu. Fundi wa nguo, mtu wa Lamu, mpole mpaka unaogopa kumsalimia kwa sauti. Leo alikuwa anakwenda kwenye nikaha ya mpwa wake Eastleigh. Kanzu mpya, ameishona mwenyewe, imepigwa pasi unaweza kujikata nayo. Nami nikatoka na huyu shetani wakati huo huo. Uchochoro wetu hauna hata upana wa mikono miwili. Sajini akaruka. Mnyororo ukaniponyoka. Pua, mate, kila kitu, kwenye kanzu, kuanzia goti hadi kiuno.

Mzee hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema tu, "Lahaula," akarudi ndani. Mate ya mbwa si jambo la kupangusa na kitambaa kwao Waislamu. Kanzu lazima ioshwe mara saba, moja kwa udongo. Mara saba! Na mfereji wetu umekauka tangu Jumanne. Nikachukua mitungi yangu miwili, maji yote niliyokuwa nayo, nikayapeleka mlangoni kwake, nikachota na udongo safi kule nyuma ya ukuta. Mkewe akapokea bila kunitazama.

Alitoka na mkewe, amevaa kanzu kuukuu. Walipofika, nikaha ilikuwa imeshafungwa na pilau imeshaliwa.

Baba alikuwa ameketi mlangoni anachonga mwiko wake. Sikumwona akisema pole kwa mtu.

Jumapili, 10 Machi

Kikao cha koti baada ya kanisa. Watu kumi na tatu na ajenda moja, yenye miguu minne. Mwenyekiti amesema mpaka mwisho wa mwezi: ama Sajini apite mbele ya watu bila kuwagusa, ama arudi Ukambani. Mzee Athumani hakutulaumu. Alisema tu kwamba umri wake si wa kufua nguo kwa udongo kila mara.

Kisha Baba akasimama, na mkongojo wake, mbele ya wote. Sajini akienda, naye anakwenda. Akaketi.

Sitaki aende. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia. Tangu nimzike mume wangu, tangu binti yangu Ndinda aolewe Nakuru, nilikuwa nikirudi kutoka kazini naongea na redio. Sasa kuna mtu wa kunung'unikia chumvi. Nani atamkumbusha dawa kule? Ananikasirisha kuanzia asubuhi hadi jioni na sitaki aende.

Kwa hivyo huyu mbwa atatembea, apende asipende.

Jumanne, 12 Machi

Nimenunua matumbo. Kipande kimoja kila akilegeza mnyororo, nimeambiwa. Ameyala yote. Hakulegeza. Nusu ameyala akiwa hewani, anamrukia muuza magazeti.

Nimegeuka nikamkuta Baba mlangoni anatabasamu. Aliponiona akakohoa.

Ijumaa, 15 Machi

Nimempiga Sajini. Kandambili, mara tatu, pale pale barabarani. Alilala chini, akanitazama, halafu akamuona mtu wa mkokoteni akaanza upya kubweka. Nikalia. Mama wa mboga akanipa kiti chake.

Kiganja kina malengelenge mawili. Siwezi kupiga taipu vizuri. Mkubwa wangu ameuliza kama nyumbani ni salama. Nimemwambia nina mgonjwa. Si uongo. Mgonjwa ni mimi.

Siku kumi na sita zimebaki.

Jumapili, 17 Machi

Ngoja niandike polepole maana bado nina hasira.

Asubuhi ndoano ya mnyororo ilikatika, tukiwa karibu na kanisa. Nikamkamata kwa shingo, nikavua leso yangu mabegani, nikaisokota, nikamfunga nayo. Leso yangu nzuri, ile nyekundu. Nikajiandaa kuburutwa mpaka barabara kubwa.

Hakuvuta.

Alitembea. Ubavuni pangu, masikio chini, kama mtoto anayepelekwa ubatizo. Wakapita watoto, kimya. Akapita kuku, kimya. Tukaingia uchochoroni, Mzee Athumani ameketi nje na gazeti lake, mbwa akapita kana kwamba yule ni ukuta. Mimi ndiye niliyekuwa nimezuia pumzi.

Nikamwambia Baba. Hakushangaa hata kidogo. Akapuliza vumbi kwenye mwiko wake akasema, "Mnyororo ni wa wageni."

Kumbe! Kumbe huko nyumbani Sajini hafungwi hata siku moja, ila siku moja tu: siku ya wageni. Wakija watu wa mahari, wakija watu wa chifu, wakija wanunuzi wa vinyago, Baba anamtia mnyororo mlangoni ili wamsikie, wajue boma lina mwenyewe. Miaka sita. Mnyororo ukilia shingoni, mbwa anajua yuko kazini. Kila anayepita ni mgeni wa kubwekewa. Na mimi kila asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa namvalisha sare, nampeleka barabarani akafanye kazi, halafu nampiga kwa kuifanya vizuri.

Nikamuuliza Baba kwa nini hakuniambia. Wiki mbili na zaidi! Mkono huu! Kanzu ya watu!

"Hukuniuliza."

Nilitoka nje. Ningebaki ningesema neno ambalo mtoto hamwambii mzazi wake.

Jumatatu, 18 Machi

Nimempa Baba githeri, mahindi na maharagwe, iliyoungua. Makusudi. Ameimaliza na kusema ni tamu.

Fundi viatu ameshona mkanda wa ngozi, mpana, mlaini, hauna chuma hata chembe. Mnyororo nimempa muuza vyuma vikuukuu.

Alhamisi, 21 Machi

Kibandani bila vurugu. Akivuta nasimama, akilegeza naenda. Wafula alijua kitu. Nimempelekea mandazi kazini, sikumwambia ni ya nini.

Vijana hawana la kusema. Mmoja ameniomba nimfundishie wake. Nimemwambia anisalimie vizuri kwanza.

Jumamosi, 23 Machi

Leo Baba ameshika mkanda mwenyewe. Mkongojo mkono wa kushoto, mbwa mkono wa kulia, mimi nyuma nikiwa tayari kudaka yeyote atakayeanguka. Walikwenda mpaka kanisani na kurudi. Baba haburuti mguu kama zamani. Nimeuona kwa macho yangu.

Uchochoroni Mzee Athumani alikuwa anatoka kwenda msikitini adhuhuri, kanzu nyeupe. Nikafumba macho. Nilipofumbua, Sajini ameketi. Ameketi! Mzee akapita, akageuka, akasema, "Maashallah, mzee mwenzangu, huyu sasa ana adabu kutushinda." Wakashikana mikono na Baba, mara ya kwanza tangu siku ya kanzu. Mwenyekiti alikuwa dirishani kwake. Akaniinulia kidole gumba.

Nimepika chapati. Nimeimba jikoni. Baba hakula sana.

Jumapili, 24 Machi

Nimerudi kutoka kanisani nikamkuta Baba anafunga patasi zake kwenye gunia.

Anakwenda nyumbani. Amesema bila kuniangalia. Nikamwambia mbwa ameruhusiwa, kikao kimekwisha, hakuna anayewafukuza. Akasema anajua. Ndiyo shida yenyewe.

Alitaka Sajini afukuzwe. Ndiyo sababu alinyamaza juu ya mnyororo. Mbwa angefukuzwa, yeye angemfuata, na hakuna ambaye angesema mzee ameikataa nyumba ya binti yake. Alitaka lawama imwangukie mbwa. Hakujua namna ya kuniambia. Anasema nampikia vizuri, namtunza vizuri, na hapa kila mtu anamwita babake Mama Ndinda. Kwao ana jina. Kaburi la Mama liko kule na hakuna anayeling'olea magugu.

Nilimwambia ni mkaidi. Nilimwambia nimechubuka mikono kwa ajili yake. Nikamwambia pia lile la redio. Sikutaka kulisema, likatoka.

Aliweka patasi chini. Halafu akaniuliza kwa nini sikusema hilo mwanzo, badala ya kuongea habari za dawa na daktari kila siku.

Nikatoka kuanua nguo.

Jumatano, 27 Machi

Siku tatu tunapeana chumvi bila maneno. Hasira imeisha nguvu, imebaki tu kama mazoea. Mwikali, mke wa kaka yangu, amepiga simu kazini. Yuko bomani kila siku, dawa atasimamia yeye, na njia ya kwenda mtoni mzee ataitembea na Sajini asubuhi na jioni. Nimemwandikia ratiba ya vidonge kwa herufi kubwa. Nimeiandika mara mbili.

Jioni nimemwambia Baba aende. Amesema asante. Sikumbuki lini mara ya mwisho alisema neno hilo.

Jumamosi, 30 Machi

Pikapu ya binamu ilifika saa moja asubuhi. Haingii uchochoroni, ikasimama barabarani.

Mzee Athumani alitoka kumuaga. Amempa Baba shati, amelishona mwenyewe, mikono mirefu, kwa ajili ya baridi ya huko. Baba amemwachia mwiko.

Mimi nilimleta Sajini. Kutoka mlangoni hadi kwenye gari, ubavuni pangu, mkanda umelegea kabisa. Hakuvuta. Nilipunguza mwendo, naye akapunguza. Nikasimama bila sababu, naye akasimama, akanitazama, akingoja mimi niamue. Nikakaa pale nikitamani avute, hata kidogo, arudi upande wa nyumbani. Amefundishwa vizuri mno.

Baba akachukua mkanda kwa mkono wake wa kulia. Aliniambia niende Pasaka. Nimesema nitakwenda.

Nimerudi ndani. Chai niliyopika ilikuwa ya watu wawili. Nimeinywa yote, halafu nimefagia vumbi la mbao pale mlangoni.