Zamu ya Maji ya Leonce

Mang'ola, Karatu

Mdogo wangu Blandina,

Huko Shelisheli mnashiba samaki. Sisi huku vitunguu vya wengi vimestawi na goti la mama limepoa.

Ile barua yako, ambamo ulisema huko visiwani wanawake wanaongoza vikao na wanaume wanaandika muhtasari, niliisoma kwa sauti kwenye kikao cha wakulima wa mfereji wetu wa umwagiliaji. Wanaume wakacheka. Kura za kuchagua mwenyekiti zilipohesabiwa wakaacha kucheka. Sasa mimi ndiye mwenyekiti, ninapanga zamu za kumwagilia mashamba yote, hata la mume wangu.

Shemeji yako Leonce alinuna, akahamia kwa mama yake, akawa anakula huko siku tisa. Sikukuambia, maana nilikuwa nalia huku napanga zamu.

Leo asubuhi nimemwona kwenye foleni ya wakulima, kofia mkononi.

"Mwenyekiti," akasema, "vitunguu vyangu vinakauka. Naomba maji."

Nikafungua daftari. "Zamu yako ni Alhamisi. Ila nyumbani kuna makande, na hayana foleni."

Amekula sahani tatu. Maji anasubiri Alhamisi.

Dada yako anayekukumbuka,
Laurencia