Spana, Paipu na Madam Wako

Mwanangu Rukia,

Salaam aleikum. Sisi hapa Isiolo tuko salama, ni wewe tu sijui huko bweni unakula nini. Barua yako nimeisoma mwenyewe, masomo ya ngumbaru ya sisi watu wazima yamenisaidia, sikuita mtu. Kila mstari ni Madam. Tangu mwalimu wako huyo ahamishiwe Meru na wewe ukamfuata kwa sekondari, Madam amekununulia sweta, Madam anataka ukae kwake likizo yote usome hesabu. Mimi umenisalimia huko chini kabisa, baada ya kuulizia mbuzi.

Unakumbuka siku tairi ya lori ilipasuka njia ya Gotu? Babako alipanda juu ya spana, akaruka, nati ikakataa. Akaruka tena, akaanguka mchangani, ukacheka mpaka nikakufinya. Halafu ukachomoa ile paipu ya kushikilia turubai, ukaivalisha mkono wa spana.

"Mama, shika huku mwisho kabisa."

Nikashika, nikakandamiza, nati ikalia, ikageuka. Mimi! Nikakuuliza umejulia wapi. Nilitaka useme ni akili ya kwetu tu.

"Madam alitufundisha. Nguvu ni ile ile, mama, mkono ndio umekuwa mrefu."

Furaha yangu ikaisha hapo hapo barabarani.

Sasa juzi nilikuwa peke yangu, nataka kutia tofali chini ya pipa la maji, maana linaliwa na kutu. Nikachukua mti mrefu, nikauingiza chini ya pipa, nikauegemeza juu ya jiwe. Kwanza jiwe liliketi karibu na mimi. Wapi! Nikasema Madam ni mwongo, na nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikalisogeza jiwe mpaka karibu na pipa. Nikakandamiza, pipa likainuka, na maji yake yote! Nikaukalia mti, nikasukuma tofali kwa mguu.

Lakini Rukia, mimi nimeshuka mpaka karibu nikae chini, pipa limepanda kama kidole tu. Kumbe ukipunguziwa uzito unaongezewa safari. Hilo Madam aliwaambia? Sema hapana. Hata kama aliwaambia, sema hapana.

Niligeuka nikuite uone, nikakumbuka uko Meru, shuleni kwake.

Idd imekaribia. Yeye ana vitabu, ana taa za stima, ana hizo sweta. Mimi sina cha kukuvutia, ndiyo maana barua nzima nimezunguka, naogopa utasema hapana. Njoo nyumbani. Kama ni lazima, njoo na huyo Madam wako. Nitamchinjia mbuzi, nitamtandikia kitanda cha wageni, na nitamwita mwalimu mbele ya majirani.

Lakini wewe utalala kwangu.

Ni mimi mamako,
niliyekuzaa.