Jicho la Mwanakombo

Kibarani, Jumanne, 1986. Joto la kaskazi. Kuku wamejilaza kivulini midomo wazi.

Leo nimenyamazishwa na ukuta wa jiko langu mwenyewe. Mimi, ambaye hata marehemu mume wangu hakuniweza.

Mjukuu wangu mchanga, Rukia, hubanwa kifua. Tangu msimu wa korosho uanze niliona jambo: Mwanakombo akija, jioni yake mtoto huhema kama mvukuto wa mhunzi. Mwanakombo ni jirani yangu wa miaka ishirini, hakujaaliwa kuzaa. Basi nikakata shauri. Ni husuda.

Dadake Rukia, Zuhura, anasomea ualimu, na huko hufundishwa saikolojia. Alipokuja likizo alinisihi nisimhukumu mtu kabla ya kuweka alama. Kila siku nichore kwa mkaa ukutani mwa jiko: Mwanakombo kaja? Kifua kimebana? Na kazi gani imefanyika nyumbani? Nikachora kwa raha zote, maana ushahidi ulikuwa wangu.

Subira ikanishinda. Wiki mbili zilizopita nilimwambia Mwanakombo, mbele ya watu, akae kwake na macho yake. Alijifunga kanga akaenda.

Nikaendelea kuchora.

Leo Zuhura amerudi, akasimama mbele ya ukuta akahesabu mistari. Akakiri kwamba ni kweli, Mwanakombo na kifua huandamana. Nikamwambia mimi sikuhitaji chuo kulijua hilo.

"Bibi, Mwanakombo huja kufanya nini?"

"Kubangua korosho nikishazichoma. Waniuliza kama mgeni?"

"Na siku alizokuja kukuamkia tu?"

Nikatazama. Siku hizo mtoto alilala salama. Na tangu nimfukuze, kila nilipochoma korosho, kifua kilibana vilevile, Mwanakombo hayupo.

"Wawili kuandamana si kusema mmoja kamleta mwenziwe," akasema. "Pengine wa tatu ndiye awavutaye wote wawili."

Wa tatu ni mimi. Mimi na debe langu la kuchomea korosho, na ule moshi wake uwashao, mlangoni pa chumba alalacho mtoto.

Nilikaa chini. Miaka yote hii nina macho, na mistari ya mkaa imeona nisichokiona.

Zuhura hata moshi hakuuapia. Ati nihamishe debe mwisho wa shamba, niendelee kuchora, ndipo tutajua. Nilitaka kumkemea: sasa umesomea nini? Lakini hilo ndilo lililonishangaza kupita yote. Msomi asema bado hajajua. Mimi wa ngumbaru nilijua kila kitu kwa wiki moja.

Debe nimelihamisha.

Lililobaki ni zito kuliko debe. Kuomba radhi sijapata kuomba. Jiwe la Mwanakombo la kubangulia liko barazani kwangu tangu siku ile. Asubuhi nitampelekea, na nitasema mbele ya watu walewale.

Alilisahau, au aliliacha apate sababu ya kurudi?

Hilo ukuta hauniambii. Itabidi nimuulize mwenyewe.