Mkorogo Kabla ya Kujitambulisha

Jumatano, 17 Septemba
Nimepaka tena. Siku ya kumi na mbili. Kopo halina lebo. Ni mkorogo wa kujichubua, nisijidanganye. Leo nimewafundisha kidato cha tatu kwamba melanini ni mwavuli wa seli za ngozi. Nikarudi nyumbani kuuchana wa kwangu. Lakini Jumamosi najitambulisha kwa mama yake Kabula, ninayetaka kumwoa, na mchumba wa zamani wa Kabula ni maji ya kunde. Nimeona picha. Wivu.

Jumamosi, 20 Septemba
Pasiansi, nyumbani kwao Kabula. Nilikuwa nang'aa. Kofia sikuvaa, ingeficha kazi ya wiki mbili. Mama anaanika dagaa ufukweni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa fagio. Nani anakataa kazi ya mama mkwe? Saa nne mpaka saa tisa nageuza dagaa. Yeye kajifunika kanga mpaka puani. Mimi nimejifunika tabasamu.

Jumapili
Kanisani sikwenda. Uso unawaka, umevimba. Najua kinachoendelea humo ndani na haisaidii: urujuanimno wa jua umeharibu vinasaba, seli zinakarabati usiku na mchana, zilizoshindwa zinajiua zisije zikawa saratani. Seli zangu zina akili kuliko mimi.

Jumanne, 23 Septemba
Nababuka. Kipande cha ngozi ya pua kimeangukia daftari la mwanafunzi. Nikalifunga haraka. Darasa limeuliza naumwa nini. Nimesema malaria. Wamecheka, na dalili zake niliwafundisha mwenyewe.

Jioni Kabula kapiga simu analia. Mama yake kaniona jana sokoni, kaita wajomba. Wanahofia ukoo wetu una ugonjwa wa ngozi. Wakithibitisha, hakuna ndoa. Naogopa sana.

Alhamisi, 25 Septemba
Wajomba watatu kwenye mkeka. Waliuliza habari za babu, bibi, shangazi. Ningeweza kunyamaza. Nikatoa kopo mfukoni, nikaeleza yote, mpaka ile picha. Kabula akainama. Mama akaunusa mkorogo, akakunja uso.

Mjomba mkubwa akashusha pumzi: "Kumbe ujinga tu! Tulidhani kitu cha kurithi."

Wakaagiza chai. Sijawahi kufurahia tusi namna hii.

Jumapili, 5 Oktoba
Ngozi mpya imeenea. Nyeusi kuliko niliyozaliwa nayo. Kabula alikuja baada ya ibada, akanigusa shavu kwa kidole. Akapakua chakula. Tukala.