Matundu Kwenye Karatasi

Mke wangu mpendwa,

Nisamehe kwa ukimya wangu tangu uende kumlea mjukuu wetu. Sikukusahau. Kila nikirudi kutoka karakana hubisha hodi, kisha nakumbuka kwamba ufunguo ninao mimi.

Juzi yule askari wa wanyamapori alileta bunduki yake. "Mzee, nifungie kibano chembamba kabisa mdomoni mwa mtutu, risasi ziende pamoja."

"Si risasi, ni marisau, vigololi vingi vinavyotoka kwa mpigo mmoja," nikamsahihisha. "Tena haya makubwa ukiyabana mno hubonyea, na kila moja hushika njia yake."

"Mzee, unanifundisha sarufi au shabaha?"

Tulibandika karatasi kwenye kichuguu nyuma ya karakana, tukajaribu. Kwa kibano chembamba marisau yalitawanyika. Kwa kilicho kipana kidogo yalikusanyika katikati.

"Bunduki imenisuta!" akacheka. "Hebu tazama mwenyewe, mzee wangu."

Nilitazama. Niliona weupe wa karatasi tu. Matundu sikuyaona, lakini niliitikia kwa kichwa.

Unaniita nije tuishi sote huko. Natamani mno, ila nilitaka nije nikiwa mumeo, si mzigo wako. Hata hivyo, fundi wa bunduki asiyeona ni hatari kwa watu. Nikishaamua siku ya kufunga karakana, nitakuandikia papo hapo. Ukiona mwandiko ni wa askari, usishtuke. Maneno yatakuwa yangu.

Mumeo,
ambaye hajazoea kukukosa