Jina Ambalo Esteri Hakulisoma

Makere, Kasulu
11 Septemba, 1977

Mdogo wangu Immakulata,

Amani ya Bwana ikufikie huko Kibondo, wewe, shemeji na wajukuu wote. Je, ule mguu umepoa, au bado unakuamsha alfajiri? Sisi ni wazima. Tunangoja mvua ya kupandia maharage.

Uliniuliza nimekionaje kile kitabu cha mama aliyeachwa na mume aliyekwenda kutafuta kazi. Nimekisoma mara mbili. Mwandishi anamjua mwanamke anapolia, lakini hamjui anaponyamaza. Mama yule kila likimfika jambo hujitupa kitandani. Sikumbuki marehemu mke wangu akijitupa kitandani, hata siku tulipovuka mpaka na kuacha nyumba yetu, miaka kumi na miwili sasa. Alifunga mzigo, akaniuliza kama nimechukua chumvi. Natamani mtu aandike hilo.

Hata hivyo nilikipeleka kwenye darasa la kisomo la akina mama, na Esteri, mke wa mwanangu Pasikali, akawa anawasomea. Wakabishana nacho kama wanavyobishana na jirani. Odilia alisema yeye angekwisha kuuza mbuzi wa mume huyo na kuendelea na maisha yake. Wenzake wakamjibu kwamba ni rahisi kusema hivyo, kwa kuwa mumewe hana hata kuku.

Basi wilaya ikataka mwalimu wa kisomo atoke miongoni mwao wenyewe. Juzi akaja Bwana Gharibu, mtu wa Tanga, kuwasikiliza wakisoma. Sote tulijua ni Esteri. Tangu masika alikuwa hana ndoto nyingine.

Lakini mume wa kitabuni anaitwa Philemon, kama mimi. Nawe unazijua mila zetu: mkamwana akilitamka jina la baba mkwe, ni kama amemvua nguo hadharani. Siku zote darasani Esteri akifika hapo husema "yule bwana", na wenzake huelewa. Bwana Gharibu akafungua katikati, pale mke anapogombana na mumewe kana kwamba yupo mbele yake. Esteri akasema "yule bwana". Akaonyeshwa neno kwa kidole, akaliruka. Akaonyeshwa tena, akaliruka tena. Bwana Gharibu akafunga kitabu, akasema kwa upole kwamba mama huyu anakisia, hasomi, aje mwingine. Esteri hakujitetea, maana kueleza nako ni kunitaja. Wenzake nao walitazama chini kwa heshima hiyo hiyo.

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nikasimama, nikamwambia Bwana Gharibu kwamba huyo anayerukwa ni mimi, baba mkwe wake. Akina mama wakaficha nyuso ndani ya kanga. Kwetu baba mkwe hamfungui mkamwana kinywa bure. Sharti ampe kitu mkononi. Sikuwa na mbuzi, jembe wala nguo. Nikampa kitabu, nikamwambia tangu leo ni chake na asome kila kilichomo. Nisamehe, najua kilikuwa chako. Odilia akanong'ona, ila kwa sauti ya kusikika, kwamba mzee amekwepa mbuzi kwa ujanja.

Esteri alikipokea kwa mikono miwili. Kisha akasoma: "Philemon, nimechoka kukungoja." Sauti ilitetemeka hapo tu, ukurasa uliobaki aliushuka kama anayeteremka njia ya shambani kwake. Bwana Gharibu akamkabidhi chaki.

Immakulata, kilichonipata alipolitamka sijamwambia mtu. Huku mimi ni Mzee, ni Baba Pasikali. Kwa karani ni mkimbizi. Wewe mwenyewe unaniita kaka. Tangu mke wangu atutoke, hakuna mwanamke aliyelitamka jina langu. Nilidhani nitaona aibu. Badala yake nilisikia mtu ananiita kutoka chumba cha pili, kama zamani, na kabla sijajizuia nikaitika: "Naam!"

Darasa zima likaangua kicheko, na wa kwanza kucheka alikuwa Esteri. Nami nilicheka hadi machozi, na sikuyafuta.

Kesho Jumatatu anaanza kufundisha. Akina mama wameapa kutokosa, wanataka kujua kama yule Philemon mwingine atarudi nyumbani.

Wape mkono wote wa huko wanaoniulizia, na shemeji umwambie namdai ziara. Mungu akulinde.

Ni mimi kaka yako,
Philemon